Fahali Mwenye Figo Mbili za Kushoto

Mlikuja kwangu Bwiza, ninyi watatu wa chuo, mmekodi teksi nzima kutoka mtaa wa Mutanga Sud kana kwamba daktari amewakataza kutumia miguu. Mkanywa chai yangu, mkamaliza sambusa zangu, ndipo mkafungua ile karatasi kubwa. Ng'ombe mzima, amepasuliwa ubavuni kwa kalamu za rangi: mapafu ya waridi, ini la kahawia, utumbo wa kijani. Kazi nzuri, nikasema, na nilimaanisha. Kisha nikaziona figo. Mlikuwa mmechora figo mbili zinazofanana kama jozi ya ndala, laini kama maharagwe, moja huku na nyingine kule. Nikaweka kikombe chini.

Yule mrefu mwenye miwani akaniuliza kwa adabu, "Mama, iko shida?"

Iko shida, mwanangu. Hizo ni figo za mtu. Mmemvika ng'ombe figo za mtu, tena mtu wa kwenye kitabu. Niliwaambia mrudi Jumamosi niwaonyeshe za kweli, mkarudi, na mkanikuta jikoni nafuta machozi huku mabega yanatikisika. Mkauliza kuna nini, nikasema ni moshi. Haukuwa moshi. Nawaandikia sababu yake, kwa kuwa ndani yake mna kazi yangu yote. Tena kuna kitu cha kusahihisha kwenye madaftari yenu. Nitafika huko, msiwe na haraka, ng'ombe hachunwi kuanzia mkiani.

Jina langu ni Zuhura, lakini machinjioni waliniita Madamu Muhuri. Kwa miaka thelathini na moja kazi yangu ilikuwa kukagua nyama: ng'ombe akishachinjwa na kuchunwa, mimi ndiye niliyempitia kiungo kwa kiungo, na nikiridhika nampiga muhuri wa wino wa zambarau ndipo aende sokoni. Wino ule hautoki. Nilikwenda nao harusini, nikaenda nao msibani, na kwenye picha ya kitambulisho changu kuna alama yake shavuni, maana nilijikuna.

Aliyenifundisha ni Mzee Sosteni, mtu wa Kamenge, mfupi, mkavu, mwenye kofia ya sufu hata kwenye joto la saa nane mchana. Siku yangu ya kwanza alinisalimia kwa salamu ya wafugaji, "Amashyo!" Mimi mtoto wa Bwiza, ng'ombe niliyemjua alikuwa wa kwenye mshikaki, nikajibu, "Nzuri, Mzee." Wanaume walicheka mpaka wakaweka visu chini. Jibu lake ni "Amashongore": mmoja anamtakia mwenzake makundi ya ng'ombe, naye anarudishiwa makundi ya ng'ombe jike. Kwa mwezi mzima kila mchinjaji aliyenipita alinisalimia "Nzuri, Mzee."

Sosteni hakuwa na darubini ya kuonea seli, wala hakuitaka. Alichukua taulo, akanifunga macho, akanitia kitu mkononi.

"Hii inafanya nini?"

"Ni moyo, Mzee."

"Mi sikukuuliza jina. Jina hata mutu wa kuchoma mishikaki anajua. Inafanya nini?"

Nikaupapasa. Upande mmoja ukuta wake ulikuwa mwembamba, upande wa pili mnene kama gumba langu. Nikamwambia hivyo.

"Voilà. Sasa juu ya nini?"

Sikujua ni kwa nini. Akaniambia ule upande mwembamba unapeleka damu hapo jirani tu, kwenye mapafu, na ule mnene unaipeleka mpaka kwenye kwato. "We nikikutuma hapo kwa mulango na nikikutuma Kamenge, utakula chakula sawasawa?"

Basi ndivyo nilivyojifunza. Ini, wengu, kongosho, tumbo la tatu lenye kurasa kama kitabu, vyote kwa vidole, macho yamefungwa. Na kila mara alirudia neno lake moja: kila kitu mwilini kimepewa umbo na kazi yake na jirani yake. Ukijua kazi na ukijua jirani, jina utalikuta njiani.

Ninyi mmefundishwa kupanda. Seli zinazofanana zikikaa pamoja mnapata tishu, tishu mbalimbali zikishirikiana mnapata ogani, ogani zikipangiana zamu mnapata mfumo, mpaka siku moja, mkibahatika, mnafika kwenye ng'ombe. Sisi tulianza na ng'ombe tukashuka. Nadhani mahali tunapokutana ni kwenye tezi. Yaani zile tezi ndogo zilizofichwa ndani ya mafuta, saizi ya haragwe au ya yai la njiwa, ambazo wapishi huzitupa bila kuziuliza habari. Kila eneo la mwili lina zake. Majimaji ya mapafu hupita kwenye tezi za mapafu kabla ya kurudi kwenye damu, ya paja hupita kwenye tezi za paja. Ukizikata, zinakuambia nani kapita. Na mkate kwa urefu, si kwa kukingama kama mnakata kitunguu! Ukikata vibaya, ugonjwa unabaki nusu ya pili ukikucheka.

Kwenye tezi hizo ndipo Sosteni aliponipa sheria ambayo mpaka leo naifuata, hata nje ya machinjio. Ugonjwa ukiwa mahali pamoja, kata hapo, uache mwili uliobaki. Ini lina minyoo na tezi za kwingine ni safi? Tupa ini, piga muhuri. Lakini ukikuta tezi za mapafu mbovu, za bega mbovu, za nyonga mbovu, ujue ugonjwa umepanda damu na umezitembelea nyumba zote. Huyo tupa mzima, hata awe mnono namna gani.

Msidhani nilizaliwa najua. Juma langu la tatu nilikuta ndama ana kitu kikubwa cheupe shingoni, laini, kimeshuka mpaka kifuani. Uvimbe, nikasema, na nikamkataa ndama mzima kwa sauti ili wote wasikie. Sosteni akaja, akatazama, akavua kofia yake ya sufu, jambo ambalo hakulifanya hata akiwa na homa. Ile ilikuwa tezi ya utotoni. Kila ndama anayo, humsaidia kujikinga na magonjwa, na akikua inanywea polepole mpaka uitafute kwa taa. "Yampaye inka!" akaapa, yaani kwa jina la aliyempa ng'ombe. "Umemufunga huyu juu ya kosa la kuwa mutoto."

Sasa niwaletee Salumu. Ninyi mnamjua kama yule mzee mpole aliyewafungulia mlango na kuwauliza mara mbili kama mmeshakula. Wakati ule alikuwa kijana wa Mzee Hamadi, muuza nyama wa hapa hapa Bwiza, na kazi yake ilikuwa kusukuma toroli la nyama ya baba yake. Alikuwa na tabia ya kusahau kofia yake mezani kwangu ili apate sababu ya kurudi. Siku nyingine alirudi kuchukua kofia ambayo alikuwa ameivaa.

Akirudi, anauliza. "Eti Zuhura, na hii nayo inafanya nini?" Siku moja aliuliza juu ya figo, nami kwa kuwa nilikuwa nimejifunza juzi tu, nikafungua somo zima. Tazama, nikamwambia. Kwanza figo ya ng'ombe si laini, ina vinundu kama kichala cha zabibu. Halafu hazifanani. Ya kulia imejibanza chini ya mbavu za mwisho, hakuna anayeisumbua, kwa hiyo imekuwa bapa na ndefu. Ya kushoto ina jirani mbaya, lile tumbo kubwa la majani. Tumbo likijaa linaisukuma mpaka inavuka katikati ya mwili na kwenda kukaa nyuma ya mwenzake. Kwa kusukumwa hivyo maisha yake yote imenenepa, imejipinda, imekuwa na pande tatu. Ukizishika mara moja, hutazichanganya tena.

Salumu aliitikia kila neno. "Ego. Ego. Njo vile." Lakini macho yake hayakuwa kwenye figo. Nilikuwa na mwanya kwenye meno ya mbele, na sitasema uongo, nilikuwa najua kuutumia.

Mwaka haukuisha posa ikaletwa. Harusi ikapangwa Jumamosi, na siku ya Alhamisi Mzee Hamadi akamleta machinjioni fahali wa harusi yetu, mwekundu, mwenye nundu ambayo watu walitoka nje kuitazama. Sosteni akaniita pembeni. "Huyu ni wa mukwe wako. Nikukagulie mi?" Nikakataa. Nilitaka Mzee Hamadi auone muhuri wangu mwenyewe kwenye nyama ya harusi yangu. Kiburi tu, vijana wangu. Ningemwachia Sosteni, ningekuwa na harusi tulivu na hadithi fupi.

Fahali akachinjwa, akachunwa, akatundikwa kwenye kulabu. Desturi yetu ni kwamba viungo vya ndani vinatundikwa kando ya mwili wake, vyote vina kibati chenye namba moja, na hakuna kinachoondoka mpaka mkaguzi amalize. Kiungo hakisafiri peke yake. Lakini kabla sijaanza, nikaitwa nje kusaini karatasi za lori la mbuzi, na dereva wake alikuwa mtu wa maneno mengi. Niliporudi, kila kitu kilikuwa mahali pake. Mapafu yalikuwa safi, ini lilikuwa safi. Yalikuwa mazuri mno, kama nyumba iliyofagiliwa baada ya kusikia mgeni yuko njiani.

Nikalowesha muhuri. Mzee Hamadi alikuwa amesimama na koti lake la Ijumaa ingawa ilikuwa Alhamisi. Kwa mazoea tu nikaingiza mkono wa kushoto ndani ya mafuta ya mgongo nishike figo. Ya kwanza ilikuwa nene, imejipinda, ina pande tatu. Nikashika ya pili. Nene, imejipinda, ina pande tatu.

Nikafumba macho kama nilivyokuwa nikifungwa taulo, nikashika tena. Vidole vikasema vilevile. Fahali wa harusi yangu alikuwa na figo mbili za kushoto.

Nikaweka muhuri chini. Mafuta ya figo moja yalikuwa ya njano, ya nyingine meupe. Nikamulika ndani ya kifua na kuona ule utando unaong'aa kwenye mbavu umechunwa, mtu ameuvuta wote ili kilichoota juu yake kisionekane. Tezi za kifuani hazikuwepo. Lakini aliyefanya haya hakujua tezi za ndani zaidi, ile ya mbele ya bega na zile za nyonga. Nikakata ya bega kwa urefu. Kisu kikakwaruza kama kimepita kwenye mchanga, na ndani mlikuwa na ukavu wa njano. Nikakata za nyonga. Zilikuwa vilevile. Kilikuwa kifua kikuu, na kilikuwa kimeshazitembelea nyumba zote.

"Mukwe wangu, mbona unakawia?" akauliza Mzee Hamadi.

"Baba, hii fahali iko na figo mbili za kushoto."

Hakupepesa. "Mungu anaumba anavyotaka. Hata mutu anaweza kuzaliwa na mikono mbili ya kushoto."

"Ndiyo, Baba. Lakini mukono hautoki kwa mutu mwingine."

Hapo akanisogelea, akashusha sauti, na uso wake ukabadilika ukawa wa mzee aliyechoka. "Zuhura, mutoto wangu. Wageni wanatoka mpaka Uvira. Mi ni muuza nyama, mi niozeshe mutoto wangu bila nyama? Nyama itapikwa, moto unaua kila kitu. Piga hiyo muhuri tumalize. Ukikataa huyu ng'ombe, mi sijui kama hiyo mariage itakuwepo."

Niliogopa. Sitawapambia maneno. Nilimpenda Salumu, nguo yangu ilikuwa imeshashonwa, na mama yangu alikuwa ameshawaambia mtaa mzima, hata wale asiosalimiana nao. Nikageuka kumtafuta Salumu. Alikuwa kando ya toroli lake, anaangalia buti zake. Nikamtafuta Sosteni, naye alikuwa nyuma yangu, mikono mgongoni.

"Mzee, nifanye nini?"

"Kisu iko kwako," akasema. "Kwangu iko kofia tu."

Nikamkataa yule fahali. Sheria ni kuipasua nyama pande zote, kuimwagia mafuta ya taa asije mtu akaifukua, kisha inafukiwa shimoni. Niliifanya kazi hiyo mwenyewe nikilia kwa sauti, kamasi na machozi, na hakuna mchinjaji hata mmoja aliyenisalimia "Nzuri, Mzee" siku ile.

Kesho yake, Ijumaa, nyumba yetu ilikuwa kama ya msiba. Mama yangu alikunja nguo ya harusi akaiweka sandukuni bila kunitazama. Baada ya sala ya mchana mlango ukagongwa, akaingia mama yake Salumu, Bi Asha, mwanamke asiyependa maneno mengi, na beseni kubwa kichwani limejaa ndagala, dagaa wakavu wa ziwani. Akalitua katikati ya ukumbi.

"Dada yangu alikohoa mpaka akaisha," akasema. "Mi njo nilimushika. Harusi iko palepale. Ndagala nayo ni nyama."

Nikamkumbatia miguu. Nampenda yule mwanamke mpaka leo, na amelala kaburini miaka mingi.

Basi tukaoana kwa wali na ndagala. Wanawake wa Bwiza, mnawajua, hawakuiacha nafasi ile ipite. Walitunga wimbo palepale, kwamba bibi harusi kamkataa fahali kwa sababu ya macho yake makubwa, kachagua samaki mdogo asiyeweza kumtazama. Mzee Hamadi alikula, ila hakusema nami kwa miezi minne. Kisha akagundua kitu. Wateja walikuwa wanakuja dukani kwake kuliko mwanzo, wakiambiana, nenda kwa Hamadi, mkwe wake hamhurumii hata yeye. Siku niliyosikia anamwambia mteja, "Hii nyama imepita kwa mukali wangu wa nyumbani," nikajua nimesamehewa. Mkono mmoja hauchinji ng'ombe, na biashara nayo ni hivyo.

Lakini nani alibadilisha viungo? Hilo hakuna aliyelisema. Mimi niliogopa kuuliza, maana waliokuwa karibu na kulabu wakati niko nje walikuwa wachache, na mmoja nilikuwa nalala naye kitanda kimoja. Mwezi wa pili wa ndoa, jioni moja namenya ndizi, Salumu akaja akachuchumaa mbele yangu.

"Ile figo ni mi," akasema.

Baba yake ndiye aliyemwagiza. Mapafu, ini, na ile figo ya kulia iliyooza, vyote vibadilishwe kwa vya ng'ombe mwingine, upesi, Zuhura yuko nje. "Nilishindwa kumwambia Baba apana. Lakini ile figo nilichagua ya kushoto, makusudi. Si uliniambiaka? Tumbo linaisukuma, inajipinda. Nilijua baba hataona. Nilijua we utaona."

Nikaacha kisu kikaanguka kwenye maganda. Nililia tena, lakini kilio cha aina nyingine. Nilikuwa nimeolewa na mwanamume aliyenisikiliza! Siku ile mimi nilidhani anatazama mwanya wangu, kumbe anakariri figo. Na siku ile kando ya toroli, nilipodhani ameniacha peke yangu, alikuwa ameshaniwekea alama pale ambapo mkono wangu tu ungeifikia. Nimewasimulia watoto wangu wanne hadithi hiyo. Nimeisimulia kwenye harusi zao. Kila Salumu aliponiudhi, na kuoana ni kuudhiana, niliikumbuka ile figo nikanyamaza.

Miaka ikaenda. Kazi ikabadilika, tukaletewa glavu, wakaja vijana wanaopiga picha ini kwa simu na kuituma kwa mtu ofisini awaambie ni nini. Siwacheki. Nawacheka kidogo. Simu haina vidole, na nusu ya magonjwa husikika kwa vidole kabla ya kuonekana kwa macho. Na chukueni visu viwili, mkikata kilicho kibaya mbadilishe kisu, la sivyo ninyi ndio mtakaoupeleka ugonjwa kwenye nyumba ambazo ulikuwa bado haujazifikia. Mzee Sosteni alistaafu, akafa. Kofia yake ya sufu mjane wake alinipa, nami joto la saa nane nimeshindwa kuivaa.

Sasa twende kwenye Ijumaa ile ya mwaka huu, siku moja kabla hamjarudi kwangu, mmeshaondoka na mchoro wenu, nami nimewaahidi figo za kweli. Nilikwenda buchani, nikachagua jozi ya ng'ombe mmoja, nikazisafisha mafuta, nikazipanga kwenye sinia. Salumu akarudi kutoka sala ya alasiri, akavua viatu, akachungulia. Nikamtania tu, wallahi sikuwa na nia nyingine.

"Bwana, wanafunzi wangu wanakuja kesho. Hebu waonyeshe mfano. Ya kushoto ni ipi?"

Akatoa miwani, akaifuta kwa kanzu, akaivaa. Akainama juu ya sinia muda mrefu. Kisha akaweka kidole, bila wasiwasi wowote, juu ya ile iliyo bapa.

"Hii. Hii bapa njo ya kushoto. Mi nitaisahau aje?"

Nilibaki nimeshika kitambaa. Mnaelewa kidole kile kiliniambia nini? Hakuijua ya kushoto, basi hakuichagua. Siku ile alitia mkono kwenye beseni la viungo, akachukua figo ya kwanza iliyokuja, na bahati ikawa ya kushoto. Ingekuwa ya kulia, ningepiga muhuri. Bi Asha, mama yangu, wageni wa Uvira, wote wangekula, na jina langu likiwa juu yake kwa wino usiotoka. Kisha mwezi mmoja baadaye, alipojua kutoka kwangu mwenyewe kilichoifichua hila ile, maana nilikuwa naisimulia kila siku, akaja kuchuchumaa mbele ya ndizi zangu akaigeuza ajali ile kuwa mapenzi. Wahenga husema njia ya mwongo ni fupi. Ya huyu ilikuwa ndefu kuliko kazi yangu.

Hasira ilinipanda, nakiri, na kisu kilikuwa karibu. Lakini mkaguzi hapigi kelele kabla ya kukata tezi. Nikaanza kukagua. Miaka thelathini na moja machinjio hufunguliwa alfajiri, na miaka yote hiyo sikuwahi kuamka nikakuta maji ya kuoga ni ya baridi. Yeye alitangulia kuamka akayapasha. Nilipougua malaria nikiwa na mimba ya tatu, alininywesha uji kwa kijiko siku tisa, na hakwenda dukani. Mama yangu alipokuwa hatambui watu tena, Salumu ndiye aliyemkata kucha. Nikakata huku, nikakata kule, kwa urefu. Kila mahali palikuwa safi. Ubovu ulikuwa mahali pamoja, mdogo, mkavu, wa zamani, hata haukuenea.

Na kitu kimoja zaidi. Kijana aliyekuwa kando ya toroli akiangalia buti zake alikuwa ameona haya. Aliona haya kiasi cha kujitungia siku nyingine ambamo yeye ni mtu mwema, kisha akaamka kila alfajiri kuifanya iwe kweli.

"Umepatia, bwana," nikamwambia.

Akavua miwani kama mtu aliyefaulu mtihani wa taifa. Mihuri yangu yote ninaweza kuitetea mbele ya yeyote. Huo mmoja siwezi, na sitaki kuufuta.

Basi Jumamosi mkaja. Kabla sijatoka jikoni, Mzee Salumu akawa ameshawakalisha, ameshika ile bapa, anawaeleza kwa sauti kubwa jinsi tumbo linavyoisukuma, na ninyi kwa adabu zenu mnaandika. Huo ndio moshi mliouona machoni mwangu. Sasa fungueni madaftari mfute. Iliyo bapa ni ya kulia. Ya kushoto ni ile nene iliyojipinda, andikeni kwa kalamu isiyofutika. Karatasi hii msimwonyeshe, na hata akiiona herufi hizi ni ndogo, miwani yake nimeiweka ndani ya kofia ya Sosteni. Ila mkija tena kunywa chai, naye akiwashikisha figo na kuwauliza ya kushoto ni ipi, mwonyesheni ile bapa.